Mrejesho: mdogo wangu anayekesha kwenye gemu, Kigoma

Wakuu, niliuliza kuhusu mdogo wangu wa Mwanga anayekesha kwenye gemu na kujitenga nyumbani, kama huo ni uraibu. Asanteni kwa majibu.

Aliyesema nisimnyang'anye simu bali nikae naye, Mungu akubariki. Nilimfuata kwenye banda la gemu, nikashika pedi, tukacheza mpira. Katikati ya mechi akafunguka mwenyewe: tangu rafiki yake ahamie Tabora na biashara ya mama ya dagaa iyumbe, usingizi hapati. Gemu ndiyo inamtuliza. Iliniuma sana, maana nyumbani wote tulimwona mvivu tu.

Tulienda kwa daktari. Uraibu wa gemu upo kweli kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini saa nyingi peke yake hazitoshi. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, na haachi hata ikimharibia maisha, kwa kawaida kwa miezi 12. Dogo hajafika huko. Kinachotibiwa ni huzuni na usingizi, na ameanza kuonana na mnasihi.

Wenye mabanda Ujiji na Gungu, nawaomba: kijana akishinda hapo bila kula, muulizeni hali.