Zumu moja ya f/2.8 au praimu mbili za f/1.8? Naomba mnisaidie kuchagua

Fremu Mpya
Wakuu, habari zenu. Nina kamera ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm) na ile lenzi ya 18-55mm f/3.5-5.6 iliyokuja nayo kwenye boksi (mm zikiongezeka inavuta zaidi; namba ya f ikipungua tundu la mwanga linapanuka). Siku hizi nimeanza kuitwa kupiga picha kwenye sherehe za watu, na nyingi ni za ndani na za usiku. Picha za mchana sina malalamiko nazo. Taa zikishawashwa ndipo shida inapoanza: chenga kila mahali, na nikishusha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), mtu akigeuza shingo tu anatoka na sura mbili.

Fungu nililonalo linatosha kitu kimoja kati ya hivi: zumu ya 17-50mm f/2.8, au praimu mbili (lenzi zisizovuta, zenye urefu mmoja tu) za f/1.8, yaani 35mm na 50mm. Mbali na sherehe napenda sana picha za sura, zile ambazo mandhari ya nyuma inayeyuka kabisa. Wengine wanasema praimu ni kali zaidi, wengine wanasema kazi ya sherehe haiendi bila zumu, na kila upande unanishawishi nikiusoma. Mliotumia zote mngechukua ipi, na kwa nini? Nawasilisha.

Mzee wa Shata
Zumu, mkuu. Bibi harusi anaingia mlangoni, unataka ukumbi mzima uonekane. Sekunde chache baadaye mama yake anafuta machozi mstari wa mbele, na wewe umebanwa kati ya meza na mtu wa video, huwezi kusogea hata hatua moja. Ukiwa na 35mm unapata kimoja kati ya hivyo viwili. Ukichomoa lenzi ubadilishe, machozi yameshafutwa.

Halafu kuna vumbi. Kila unapofungua kamera katikati ya watu wanaocheza, sensa iko wazi. Madoa yake utakuja kuyaona juu ya gauni jeupe ukiwa nyumbani unasafisha picha.

Bi Mwanga
Mzee nakuheshimu, lakini mwuliza swali amesema shida yake ni mwanga. Tuanzie hapo.

Chukua ukumbi wa kawaida usiku. Kwa lenzi yake ya sasa, akivuta mpaka 55mm, tundu linaishia f/5.6. Tuseme kwa shata ya 1/125, yaani sensa inapokea mwanga kwa sekunde 1/125, kamera inamdai ISO 6400. Akiwa na zumu ya f/2.8, mwanga unaoingia ni mara 4, kwa hiyo ISO inashuka hadi 1600. Akiwa na praimu ya f/1.8, mwanga ni karibu mara 10 ya ule wa f/5.6, na ISO inashuka hadi kama 640. Kwa sensa ya APS-C, kati ya 6400 na 640 ngozi ya mtu ni vitu viwili tofauti kabisa: kwenye 6400 mashavu yanakuwa na mchangamchanga na rangi inachafuka kwenye vivuli, kwenye 640 unaona ngozi.

Au aache ISO 1600 na apandishe shata hadi 1/320. Hiyo ndiyo inayomtibu mtu mwenye sura mbili. Kuna zumu zenye kitulizo cha mtikisiko, lakini kitulizo hicho kinatuliza mkono wa mpigaji tu. Anayecheza mbele yake bado anacheza.

Kuhusu kubanwa, miguu ndiyo zumu. Ukizoea 35mm unajua usimame wapi kabla tukio halijafika.

Nusu Stopu
Hesabu ya Bi Mwanga iko sawa. Ila niongeze kitu ambacho watu wengi hawakiangalii. Hiyo ni hesabu ya upande wa 55mm. Upande mpana, lenzi ya boksi tayari ina f/3.5. Kutoka f/3.5 kwenda f/2.8 ni theluthi mbili tu za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), yaani ISO 6400 inakuwa kama 4000. Kwa maneno mengine, ukinunua zumu ya f/2.8 kwa sababu picha zako za ukumbi mzima zina chenga, utatoa pesa nyingi na utofauti utautafuta kwa tochi. Ukiinunua kwa ajili ya kuvuta sura za watu, hapo utaona umepata kitu.

Kuhusu "praimu ni kali zaidi": sifa hiyo ina umri. Zumu ya kwanza iliyotengenezwa kwa kamera za picha za filamu ya 35mm ilikuwa Voigtländer Zoomar ya 36-82mm f/2.8, mwaka 1959, na kwa miaka mingi baada ya hapo zumu kwa kweli zilikuwa dhaifu pembeni mwa picha. Leo hali si ile. Ila zumu inafika hapo kwa kubeba vioo vingi. Canon EF 50mm f/1.8 STM ina vioo 6 na uzito wa gramu 160. Canon EF 24-70mm f/2.8L II ina vioo 18 na uzito wa gramu 805. Ukali huo unaulipia kwa pesa na kwa shingo. Kwenye f/5.6 ukilinganisha zumu nzuri na praimu, mteja wako hatajua ipi ni ipi. Kwenye tundu lililo wazi kabisa ndipo tofauti inajitokeza, na hata hapo praimu ya bei nafuu huwa laini kidogo kwenye f/1.8 mpaka uifunge hadi f/2.2 au f/2.5.

Kandokando
Naomba nipinge hili la "miguu ndiyo zumu" maana linapotosha wageni. Ukisogea, hubadilishi ukubwa wa mtu peke yake. Unabadilisha uhusiano wa vitu vyote kwenye fremu. Msimamishe mtu, mpige kwa 50mm ukiwa mita mbili, halafu mpige kwa 24mm ukiwa mita moja hivi. Kifua na kichwa vitajaa fremu kwa ukubwa uleule, lakini picha ya pili pua imekuja mbele, masikio yamerudi nyuma, na jengo lililoko nyuma yake limekuwa dogo na liko mbali. Kinacholeta hayo ni umbali uliosimama. Lenzi inaamua tu ni kiasi gani cha mbele yako kinaingia.

Kwa hiyo mtu mwenye 35mm peke yake akitaka sura ijae fremu, lazima amsogelee mtu mpaka pua ianze kuharibika. Miguu haimsaidii hapo. Anahitaji lenzi ndefu zaidi.

Bi Mwanga
Hilo nakubali, Kandokando. Ndiyo maana ana 50mm kwenye orodha yake. Kwa APS-C ya kropu 1.5 (urefu wa lenzi unazidishwa mara 1.5) inaona kama 75mm ya fulu fremu, yaani sensa yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya 35mm, na kwa sura hiyo ni sehemu nzuri sana.

Nusu Stopu
Na kwa vile umetaja, Fremu Mpya, kuyeyusha mandhari ya nyuma, hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Gawanya urefu wa lenzi kwa namba ya f, unapata upana wa tundu kwa milimita. Mtu akijaza fremu kwa ukubwa uleule na vitu vya nyuma vikiwa mbali, tundu pana zaidi ndilo linaloyeyusha zaidi.

Lenzi ya boksi, 55mm f/5.6: karibu milimita 10. Zumu, 50mm f/2.8: karibu 18. Praimu, 35mm f/1.8: karibu 19. Praimu, 50mm f/1.8: karibu 28. Na 85mm f/1.8, ambayo hukuitaja: 47.

Ona hapo katikati. Hiyo 35mm f/1.8 na zumu iliyovutwa hadi 50mm zinakaribiana mno. Ukinunua 35mm kwa ajili ya kuyeyusha, hujapata kitu ambacho zumu haina. Inunue kwa ajili ya mwanga. Ya kuyeyusha ni 50mm, au 85mm ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Mzee wa Shata
Niongeze la picha za pamoja, maana sherehe zina hizo nyingi. Watu wamepangwa mistari mitatu, ukifungua f/1.8 mstari wa mbele ni mkali na wa nyuma wametota kwenye ukungu. Lazima ufunge f/5.6 hivi na uwashe flashi. Hapo f/1.8 yako iko mfukoni haina kazi.

Mkanda Mrefu
Kama utaguswa na video hata kidogo: lenzi yako ya boksi ukiwa umeifungua hadi mwisho, ukizumu kutoka 18 kwenda 55 picha inaingia giza katikati ya klipu, kwa sababu tundu linajifunga lenyewe. Zumu ya f/2.8 inabaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Ila zumu nyingi za picha hupoteza fokasi ukizungusha pete, kwa hiyo usitegemee kuzumu huku unarekodi.

Kandokando
Fremu Mpya, kabla hujatoa pesa, fungua picha zako za sherehe zilizopita uangalie taarifa za faili. Kila picha imeandikwa ulitumia milimita ngapi, tundu gani, shata gani na ISO gani. Usiziangalie zote, angalia zile ambazo ungemwonyesha mteja mpya, na zile ulizotamani zingekuwa nzuri lakini zikaharibika. Hizo za pili ndizo muhimu zaidi. Kwa kila moja jiulize: iliharibika kwa sababu mwanga haukutosha, au kwa sababu sikuweza kusimama nilipotaka?

Fremu Mpya
Nimerudi, wakuu. Nimekaa nazo usiku kucha. Picha nyingi ziko 18mm au 55mm, katikati ni chache sana. Nilidhani basi nahitaji 50mm. Zilizoharibika, za 55mm karibu zote ni mwanga: shata 1/40, 1/50, ISO juu kabisa. Za 18mm zilizoharibika ni chache, na nyingi ni fokasi tu.

Kandokando
Angalia vizuri rundo la 55mm. Ukikuta picha nyingi zimeganda mwisho kabisa wa lenzi, haina maana kwamba unapenda 55mm. Mara nyingi ina maana lenzi iliisha wewe bado unataka kusogea. Na rundo la 18mm linasema ulikuwa umebanwa ukutani. Mtu wa namna hiyo ukimpa 35mm unampa urefu ambao kwa ushahidi wake mwenyewe hautumii. Ukitaka uhakika, bandika utepe kwenye pete ya zumu ikae 35mm na upige sherehe ya ndugu au rafiki hivyohivyo, isiyo na malipo.

Bi Mwanga
Hapo nabadilisha ushauri wangu. 35mm itoke kwenye orodha. Kama kazi ni za kulipwa na zinakuja mfululizo, zumu kwanza, kwa sababu rundo lake la 55mm ndipo f/2.8 inapompa stopu mbili kamili. Halafu 50mm f/1.8 ifuate akipata nafasi, maana ni miongoni mwa praimu nyepesi na nafuu kwa kampuni nyingi. Ila kama sherehe ni moja moja na moyo wake uko kwenye sura, ningebaki na lenzi ya boksi kwa upana, nikachukua 50mm peke yake leo, na pesa inayobaki ikaenda kwenye flashi ya kugeuza kichwa. Flashi ukiielekeza kwenye dari jeupe na lisilo juu sana inabadilisha ukumbi kuliko lenzi yoyote tuliyoitaja hapa.

Mzee wa Shata
Flashi, naunga mkono hoja.

Fremu Mpya
Kazi zinakuja mfululizo, kwa hiyo nakwenda na zumu, na 50mm nitaitafuta baadaye. Nimepata 17-50mm f/2.8 iliyotumika. Nikienda kuiona niangalie nini?

Tundu
Kwanza hakikisha mlango wake (sehemu inayojifunga kwenye kamera) ni wa kamera yako, na kwamba fokasi ya kujiendesha inafanya kazi ukiifunga kwenye kamera yako mwenyewe, usikubali ya muuzaji. Hili litakuhusu pia ukifika kwenye 50mm: Nikon AF 50mm f/1.8D haina mota ndani, na kwenye kamera za D3000 au D5000 na wenzake utafokasi kwa mkono.

Fungua kofia zote mbili, washa tochi ya simu uimulike kutoka nyuma, utazame kwa mbele ukiinamisha kidogo kidogo. Vumbi chembe mbili tatu si kitu. Ukiona nyuzi zimetawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, irudishe mezani. Iinamishe mdomo ukitazama chini uone kama bomba linateremka lenyewe. Likiteremka taratibu si hatari, likicheza kushoto na kulia limelegea.

Mwisho piga ukuta wa matofali, kamera ikiwa sambamba nao na imetulia, kwenye 17mm na 50mm, zote f/2.8. Kuza kona zote nne kwenye skrini. Kona zote zikiwa laini kwa usawa, hiyo ni tabia ya lenzi. Kona moja au upande mmoja ukififia peke yake, kioo kimehama ndani, labda ilidondoka. Hiyo usiichukue hata akupunguzie bei.