Mtoto mwenye usonji darasani, naandikaje mwenendo wake?

Mwl wa Kizota:
Wakuu habari za mchana. Mi nafundisha la pili hapa Dodoma, watoto 94, mmoja ana usonji, hospitali walishathibitisha. Kuna mda anaziba masikio, anagonga kichwa kwenye dawati, mara kashatoka nje mbio. Mkuu kasema niwe naandika mwenendo wake ili tukienda kwa afisa elimu maalum tuwe na kitu mkononi, nkaandika "leo kasumbua sana", daftari likarudi na alama ya kuuliza ya wino mwekundu utadhani mimi ndo mwanafunzi. Sasa naandika nini, na naandika saa ngapi wakati wale 93 wananisubiri?

Zao la Patandi:
Ticha "kasumbua" ni hasira zako hizo, siyo ulichokiona. Chuoni walitukomalia na safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mfano saa 4:10 kengele imegongwa, wenzake wanaburuta madawati kwenda kwenye uji / kaziba masikio, kagonga kichwa mara 5 / nimempeleka chini ya mwarobaini, katulia baada ya dakika 6. Hata asiyemjua ataelewa. Na usiandike kila kitu, anza na tabia moja, hiyo ya kichwa maana ndo inamuumiza. Safu ya tatu wengi wanairuka ila siri iko pale, kama kila akigonga kwenye hesabu anatolewa nje basi huenda kashajua njia ya kuikwepa hesabu, kama anagonga hata akiwa anachora kwa raha zake tafuta kelele, mwanga, njaa, usingizi.

Mzee wa Ubuyu:
Majina mengi siku hizi, zamani bakora mbili tu anakaa sawa.

Mama J:
Bakora haitoi usonji kaka angu. Wangu alichapwa, akaacha hata yale maneno manne aliyokuwa nayo. Mwalimu andika na siku akiwa vizuri, ukijaza mabaya tupu wanaosoma wanamuogopa kabla hawajamuona. Asubuhi mtumie mama yake meseji umuulize kalalaje, kala nini. Na tafadhali usije ukampiga video ukairusha kwenye group la walimu.

Kongwa kwetu:
La watoto 94 hilo nalijua. Weka punje za mahindi mfuko wa kulia, akigonga kichwa hamisha moja mfuko wa kushoto, mwisho wa kipindi unahesabu unaandika, hujaacha ubao. Hizo safu tatu jaza mapumziko hayohayo, ukisubiri jioni utaanza kutunga.

Mwl wa Kizota:
Mrejesho wa wiki 2. Matukio 11, na 8 yametanguliwa na lile rimu la gari tunalogonga kama kengele au madawati kuburutwa, matatu yaliyobaki upepo ulikuwa unatikisa bati, si mnaujua upepo wa Dom. Kwenye hesabu hata moja, na mi ningeapa ni hesabu! Jumatano hajagonga kabisa, Mama J na hiyo nimeiandika. Sa hivi dakika 2 kabla ya kengele namtuma apeleke ndoo ya vikombe jikoni, anaenda na mwenzake, kelele zinaanza yeye yuko mbali. Mkuu kasoma daftari kanyamaza, kasema tutaenda nalo Jumatatu.

Kongwa, zile punje mwanangu kazikuta mfukoni kawapa kuku.