Hiace "imepita ukaguzi juzi tu kaka" kumbe breki ya nyuma ni mbovu. Hivi hizi stika zinakagua nini?

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira so mnivumilie uandishi, ila kama unataka kununua Hiace ya abiria iliyotumika soma mpaka mwisho.

Dalali na mwenye gari walioniuzia Hiace yangu walikuwa na wimbo mmoja tu, "imepita ukaguzi juzi kaka, stika hiyo hapo kwenye kioo". Na stika kweli ipo, halali kabisa, ya mwaka huu. Mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu zipo, rifleksha mpya zinang'aa, waipa zinapiga, indiketa zote zinawaka na honi inalia mpaka kuku wa jirani wanatawanyika. Ndio maana imepita! Vilivyoangaliwa ndio hivyo, vya kuonekana ukiwa umesimama wima umevaa viatu visafi. Chini ya gari hakuna aliyeinama.

Fundi wangu kaiweka kwenye shimo, akaingiza mtarimbo chini ya tairi ya mbele ya kushoto akanyanyua kidogo tu, boljointi ya chini inapanda na kushuka unaiona kwa macho, bila tochi. Na hiyo ndio inayoshika mguu wa mbele mzima, ikichomoka tairi inalala pembeni na dereva usukani anao mkononi ila hauongozi kitu. Rak endi (kiungo cha usukani) ya upande huo huo nayo imekwisha, buti yake, ule mpira wa kuzuia vumbi, imepasuka vumbi limejaa. Hayo mambo mawili tu kwangu mimi yalitosha gari lisipewe hata ruhusa ya kurudi nyumbani lenyewe.

Lakini kilichonichefua zaidi ni breki za nyuma. Kwa wasiojua, Hiace hizi shepu mpya (hii bodi imeanza 2004) nyingi nyuma zina valvu ina mkono wa chuma uliounganishwa na ekseli. Gari ikiwa tupu valvu inabana presha ya breki za nyuma zisije zikajifunga gari ikaserereka, ukipakia watu bodi inashuka, ule mkono unasogea, valvu inafungua na nyuma inashika zaidi. Ya kwangu mkono umeganda kwa kutu pale pale pa gari tupu, umeganda mpaka fundi kaupiga nyundo haujasogea. Maana yake nini? Ukilitest bila abiria linashika vizuri tu, unatabasamu. Jaza watu kumi na nne na mizigo yao, teremka kilima, nyuma inakusaidia kidogo tu, kazi kubwa inafanywa na pedi za mbele mpaka zinatoa harufu. Sasa niambieni, gari la abiria linakaguliwaje likiwa tupu, na anayelikagua hajui kama hiyo valvu ipo?

Na kuna mafundi wakikuta imeganda wanaifunga na waya iwe wazi muda wote. Msikubali. Siku ya mvua gari tupu ukikanyaga breki kwa nguvu nyuma inakupita.

Tairi nazo. Kashata (meno ya tairi) zote nzuri, zinavutia kabisa, mpaka usome ubavuni. Zile tarakimu nne za mwisho kwenye DOT (msimbo wa ubavuni mwa tairi) ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, yangu moja imeandikwa 2214, yaani wiki ya 22 ya 2014! Imekauka, ina nyufa ndogo ndogo mzunguko mzima. Mbili za nyuma ni tairi za gari ndogo, hazina ile C wala 8PR (alama za tairi za kubeba mzigo), zinabeba abiria wetu hivyo hivyo na hakuna aliyeuliza.

Injini ni 1KD (dizeli ya Toyota), asubuhi inagonga kidogo, dalali kaniambia "dizeli zote ndivyo zilivyo bosi wangu". Mfuniko wa oili ukifunguliwa ndani kuna lami. Zile washa (pete za kuzuia kuvuja) za chini ya nozo zimevuja, moto unapanda juu, oili inaungua inakuwa tope, tope linaenda kuziba chujio la kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), siku injini inakosa oili unanunua injini nyingine. Hii ni kasoro inayojulikana ya hizi injini, sio siri. Hii sawa, simlaumu mkaguzi, ukaguzi wa barabarani haufungui injini. Ila muuzaji alijua, maana juu pamesuguliwa na petroli mpaka panameremeta.

Halafu viti. Gari kwao Japani ilikuwa ya mizigo, viti vimefungwa hapa hapa bongo, bolti zimepita kwenye bati jembamba bila hata kipande cha chuma kwa chini. Mkanda utakusaidia nini kama kiti chenyewe kinang'oka nao?

Sasa hoja yangu. Leo hii nikiingiza namba ya gari kwenye simu naona madeni yote ya faini za trafiki, ile elfu thelathini thelathini, mpaka kosa limetendeka wapi. Ubora wa breki zake siuoni. Uingereza mtu yeyote anaingiza namba ya gari bure anaona ukaguzi wa kila mwaka, lilifeli kwa nini, kilomita zilikuwa ngapi siku hiyo, na tangu 2018 kasoro zinapangwa kabisa: ya hatari, kubwa, ndogo. Breki zinapimwa kwenye rola (mashine inayozungusha tairi), breki za mbele kushoto na kulia zikipishana nguvu zaidi ya asilimia 30 gari limefeli, hakuna cha "mkuu tusaidiane". Hata hiyo Hiace yangu ilipokuwa Japani, gari za mizigo kule zikishamaliza miaka miwili ya mwanzo zinakaguliwa kila mwaka. Yaani ilikuwa inaangaliwa vizuri zaidi ilipobeba maboksi kuliko sasa inapobeba watoto wa shule.

Mimi sitaki stika. Nataka karatasi yenye namba, breki ya kushoto kiasi gani, ya kulia kiasi gani, boljointi inacheza au haichezi, na jina la aliyelala chini akaangalia.

Muuzaji nimempigia, kasema "gari ya mkononi haina garantii mzee wangu" akakata. Jumatatu naenda na ripoti ya fundi na picha, tutaongea mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenye uzoefu wa kudai kwa mkataba wa serikali ya mtaa anipe mwongozo, mkataba umeandikwa "gari likiwa katika hali nzuri" na dalali kasaini kama shahidi. Na anayejua pa kupata hiyo valvu ya nyuma Arusha au Moshi aje PM, aliyenayo huku anataka laki nne, used, na mkono wenyewe umepinda.