Programu imekalia C: nzima na haitaki kuhamia diski ya nje. Huu ni uungwana gani?

Wadau, leo sitapima maneno.

Nahariri video za harusi na ruracio (sherehe za mahari) hapa Nairobi, kwa laptopu yenye SSD ya GB 256, ndiyo hiyo C:, diski ya ndani. Programu yenyewe ya kuhariria si kubwa. Balaa ni makorokoro inayoyarundika kimyakimya ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha na wengi hata hawajui ipo: faili za muda, nakala ndogo za video, fonti, sauti. Juzi nimekuta imefika GB 140! C: nyekundu, laptopu inatambaa, na mteja wa Rongai ananipigia simu kuuliza video yake iko wapi.

Naingia kwenye mipangilio nitafute pa kubadilisha mahali pa kuhifadhi. Hakuna. Rangi za menyu wamekuwekea tele, lakini kuchagua diski, thubutu. Nikawaandikia wenyewe, wakanijibu: "Tafadhali futa faili usizozihitaji." Kwani ni mimi niliziweka?

Na nyinyi mtakaokuja hapa na "kata tu, bandika kwenye diski ya nje", tulieni kwanza. Ukifanya hivyo, programu ikifunguka haioni kitu. Inaunda folda nyingine palepale C: na kuanza kupakua kila kitu upya. Bando langu liliishia hapo. Kinachosaidia ni kuhamisha folda, halafu kufungua dirisha la amri na kuandika mklink /J, ili C: pabaki kiungo cha kuielekeza programu kule nje. Nikafanya, ikakubali. Siku moja flashi ya mteja ikatangulia kuchomekwa, diski yangu ikatoka E: ikawa F:, kiungo kikabaki kinaelekeza hewani. Hilo nalo nikalitibu: niliingia Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, nikaipa diski herufi X, na tangu hapo haijahama.

Basi wakaleta sasisho. Likafuta kiungo changu, likaunda folda yake C:, GB zikaanza kupanda tena. Hakuna onyo, hakuna kuulizwa!

Muuzaji mmoja pale Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, anashikilia kwamba shida ni diski, ninunue ya TB 2. Diski imekosa nini? Ni USB 3.0, nimeifomati kwa mfumo wa faili wa NTFS maana ule wa FAT32 haupokei faili inayofika GB 4. (Nyinyi wa Luthuli, kila ugonjwa dawa yake ni kununua.) Mbona Steam, ya kuchezea michezo, inakuruhusu kuweka folda ya michezo kwenye diski yoyote? Hawa wa kwangu nimewalipa ada ya mwaka mzima na kitufe cha "chagua folda" kimewashinda.

Aliyewahi kuzuia sasisho lisifute kiungo, aandike hapa hatua kwa hatua. Wa "nunua laptopu mpya" atangulize pesa.