Kompyuta ya gemu iliyoundwa tayari: ofisi haitaki kutaja pawa saplai

Kutoka: Rashidi

Wakuu, salaam.

Naangalia kompyuta ya mezani ya gemu iliyoundwa tayari: kadi ya picha RTX 5090, prosesa 9800X3D ya AMD, RAM GB 64, SSD TB 2. Kuhusu pawa saplai tangazo linasema "1000W Gold" na kuishia hapo. Nimeiandikia ofisi ya mauzo mara mbili kuuliza modeli. Jibu lao: vipande hutegemea vilivyopo stoo siku ya kuunda.

Jambo la pili. Masharti ya dhamana yanasema kuna stika juu ya skrubu ya ubavuni, ikichanika dhamana imekufa. Lakini fomu ya RMA (ya kurudisha kifaa kibovu) inadai serial namba ya kipande kilichoharibika, na namba hiyo iko ndani. Nikifungua ubavu kusoma namba tu, je, nimepoteza dhamana? Ofa inaisha Ijumaa.

Kutoka: Mwanaidi

Kaka Rashidi, stika iweke kando kwanza. Hilo jibu la stoo ndilo la kukutia wasiwasi.

5090 peke yake hula wati 575, na kwa vipande vidogo vya sekunde huruka juu zaidi. NVIDIA, watengenezaji wake, wanapendekeza PSU (pawa saplai) ya wati 1000 kwa mashine nzima yenye kadi hiyo, kwa hiyo hiyo 1000 ni kiwango cha chini, haina ziada. Na "Gold" inaeleza ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haisemi chochote kuhusu kapasita zilizomo wala kama kinga ya shoti inafanya kazi. PSU mbili za Gold zinaweza kuwa mbingu na ardhi.

Waulize mambo matatu, tena kwa maandishi: mtengenezaji na modeli kamili, kama ni ATX 3.1 (toleo jipya la kiwango cha pawa saplai), na kama kebo ya kadi inatoka moja kwa moja kwenye PSU au ni adapta ya vichwa vinne vya pini 8. Wasipojibu la kwanza, usilipe.

Kutoka: Juma

> Mwanaidi aliandika: na kama ni ATX 3.1

Hapa tuwe makini, dada. ATX 3.0 nayo imeundwa kustahimili miruko hiyo ya wati. Kilichobadilika ni soketi. Kwenye soketi mpya, 12V-2x6, zile pini ndogo nne za kuhisi zimefupishwa, hivyo plagi isipoingia hadi mwisho kadi inakosa ishara na haivuti umeme mkubwa. Soketi ya zamani, 12VHPWR, ilivuta hata plagi ikiwa imelegea, ndiyo maana tuliona plagi za kadi za 4090 zikiyeyuka tangu mwishoni mwa 2022.

Wala soketi mpya si kinga kamili. Hesabu mwenyewe: wati 575 kwa volti 12 ni karibu ampea 48. Waya za kupeleka ni sita, kila mmoja ampea 8 ikiwa mzigo umegawanyika sawa. Uwezo wa pini moja ni ampea 9 na kitu. Waya mmoja ukigusa vibaya, mitano iliyobaki inabeba mzigo wake na kupita kiwango.

Kwa hiyo omba picha ya ndani, na ukiipata angalia sehemu mbili. Ya kwanza, ule mstari plagi inapokutana na soketi: ukiona mwanya hata wa unene wa ukucha, haijaingia. Ya pili, sentimita 3 au 4 za mwanzo za kebo ziwe zimenyooka. Kwenye makasha membamba kioo huikandamiza kebo, ikajikunja papo hapo kwenye plagi, na hapo ndipo pini za upande mmoja hulegea.

Kutoka: Saumu

Mmeganda kwenye waya. Hizo GB 64 za RAM ni vijiti vingapi?

Kama ni vinne vya 16, AMD wanaahidi kasi ya MT/s 3600 tu kwa prosesa hiyo. Viwili vya 32 vinapata 5600 rasmi, na kwa EXPO (mpangilio wa AMD wa kuongeza kasi ya RAM) hufika 6000 bila tabu. Tangazo huandika "DDR5 6000" kwa sababu ndivyo ilivyochapishwa kwenye kijiti, halafu mashine inakuja EXPO ikiwa imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) na inatembea 4800. Ukiisoma kwa programu ya HWiNFO usishtuke kuona MHz 3000. DDR huhesabiwa mara mbili, hiyo ndiyo 6000.

Halafu mazabodi, ile bodi kuu. Ulizia kama ni ya kawaida, ATX au micro-ATX yenye plagi ya pini 24. Baadhi ya viwanda vikubwa hutengeneza mazabodi za umbo lao na plagi zao. PSU ikifa baada ya dhamana, hakuna nyingine ya dukani itakayoingia, na kasha halitapokea mazabodi tofauti. Kadi ya bei zote hizo inabaki imefungwa kwenye chuma kisichotengenezeka.

Kutoka: Hamisi

Nadandia mada. Duka lingine lina mashine kama hiyo yenye prosesa ya Intel i9-14900K, imepunguzwa sana. Vipi?

Kutoka: Juma

Hamisi, kizazi cha 13 na cha 14 cha Intel cha mezani kilikuwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi na kuiharibu prosesa polepole. Marekebisho ya maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) yalitoka 2024, 0x129 kisha 0x12B. Yanazuia madhara, hayaponyi yaliyokwisha tokea. Kwa mashine iliyokuwa kwenye maonyesho dukani, uliza BIOS yake ni ya tarehe gani na ilifanya kazi muda gani kabla ya hapo. Gemu ikigoma kwa ujumbe wa "out of video memory" wakati kadi ina nafasi tele, hiyo ni dalili ya prosesa kuharibika. Wengi hulaumu kadi.

Kutoka: Rashidi

Asanteni wote, nimewaandikia tena. Ila swali la stika bado.

Kutoka: Baraka

Mkuu, kuhusu serial kuna njia: waombe waandike serial za vipande vyote kwenye ankara kabla ya kusafirisha. Ya SSD utaisoma kwa programu ya CrystalDiskInfo na ya mazabodi kwa PowerShell, lakini ya PSU iko kwenye kibandiko chake tu.

Ikifika, usiiwashe kwanza. Mashine nzito husafirishwa na mfuko wa povu lililovimba ndani, umeshikilia kadi. Ukiwasha na povu limo, feni haziwezi kuzunguka. Sasa kama stika inakukataza kufungua na povu liko ndani, hayo masharti yanajipinga yenyewe. Waulize.

Kisha chomeka skrini kwenye kadi, si kwenye mazabodi, ufungue programu ya GPU-Z. ROPs za 5090 (vitengo vya kumalizia picha) lazima ziwe 176. Mwanzoni mwa 2025 zilitoka baadhi zenye 168, kasoro ya kiwandani ambayo NVIDIA walikiri. Bus Interface (njia ya kadi kwenye mazabodi) isome x16 5.0, bonyeza alama ya kuuliza pembeni uipe kadi mzigo, maana ikipumzika hujishusha hadi 1.1. Ukiona x4 au x8, huenda kadi imekaa kwenye soketi isiyo yake au haijaingia vizuri.

Piga Cinebench, jaribio la prosesa, dakika 10 huku HWiNFO ikirekodi. Kikomo cha joto cha 9800X3D ni nyuzi 95. Ikigonga hapo ndani ya sekunde chache na ina kipoozaji cha maji chenye radieta ya mm 360, huenda pampu haizunguki au ile karatasi ya plastiki chini ya kipoozaji haikubanduliwa. Malizia na MemTest86, jaribio la RAM, mizunguko minne usiku, EXPO ikiwa imewashwa. Yote haya yaishe ndani ya siku za kurudisha mzigo.

Kutoka: Mwanaidi

Na radieta iwe juu ya kasha. Ikiwa chini ya pampu, hewa inakusanyika kwenye pampu, itanguruma kisha itakufa.

Kutoka: Hamisi

Wengi humu tunanunua tukiwaza siku ya kurudi nyumbani. Iliyonunuliwa huku kwenye volti 120 itakubali 230 ya nyumbani?

Kutoka: Saumu

Soma kibandiko cha PSU. Kikiandikwa 100–240V inajirekebisha yenyewe, unabadilisha waya wa ukutani tu. Kama ina swichi nyekundu nyuma ya 115/230, isogeze kabla ya kuchomeka. Ukiiacha kwenye 115 italipuka papo hapo.

Kutoka: Juma

PSU ya kubeba 5090 haina swichi hiyo, dada. Zote za daraja hilo ni 100–240V, au 200–240V pekee kwa baadhi ya zile kubwa sana. Ukiisafirisha kwa kontena, la muhimu zaidi ni kuitoa kadi na kuisafirisha kwenye boksi lake. Ina karibu kilo mbili au zaidi, inaning'inia kwenye soketi moja ya plastiki, na povu husinyaa njiani. Uliza kabla ya kulipa kama boksi la kadi linakuja pamoja na mashine. Maduka mengi hayalitumi usipoliomba.