Mtaalamu wa kompyuta ametupatia anwani ya seva isiyofikika nje ya ofisi, kisha leo kikaoni amesema sijui kuandika nywila yangu

Mleta mada: Mama Hesabu

Ndugu wanajamvi, nimetoka kikaoni dakika kumi zilizopita, mikono bado inanitetemeka, na nisipolisema hapa nitapasuka.

Yule mtaalamu wetu wa kompyuta mnamjua. Kila ofisi inaye: anashika ufunguo wa chumba cha seva kama anashika ufunguo wa ikulu, na ukimuuliza swali anashusha pumzi kwanza. Leo amesimama mbele ya mkurugenzi na watu kumi na mmoja, nimewahesabu, akasema kwa upole kabisa: "Seva haina tatizo. Huyu mama hajui kuandika nywila yake."

Miaka tisa naandika nywila hiyo kila asubuhi.

Kisa chenyewe ni hiki. Barua pepe zetu zinakaa kwenye seva (kompyuta kuu inayozihifadhi) yetu wenyewe, humo humo ofisini, na tulipoambiwa kwamba baadhi yetu tutafanya kazi nyumbani, yeye ndiye aliyepewa jukumu la kutufungulia njia ya kuzifikia kupitia intaneti. Baada ya wiki tatu alitugawia karatasi, kila mtu na yake, imeandikwa: seva ya kupokea 192.168.1.10, poti 143. Seva ya kutuma ni hiyo hiyo, poti 25. (Poti ni namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva.) Nimefika nyumbani, nimejaza kila tarakimu kama ilivyoandikwa, na programu ikazunguka, ikazunguka, hata ningeweza kupika maharage yakaiva, kisha ikasema haikuweza kuifikia seva. Siku nne nimempigia simu na siku nne amenijibu jambo moja: "Mbona hapa kwangu inafunguka?" Inafunguka kwake kwa sababu ameketi hatua tatu kutoka kwenye seva yenyewe!

Mpwa wangu, ambaye bado yuko chuoni, ndiye aliyeitazama karatasi ile akanieleza kwamba anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa tangu miaka ya tisini kwa mitandao ya ndani peke yake, kwamba ruta za intaneti (vifaa vinavyoelekeza data) hazizipitishi, na kwamba ruta ya nyumbani kwangu nayo inagawa anwani za ukoo huo huo. Kwa hiyo siku zote nne kompyuta yangu ilikuwa ikiitafuta seva ya kampuni ndani ya nyumba yangu, kati ya printa na televisheni.

Sasa nielezeni, wanajamvi: seva isiyofikiwa inawezaje kuikataa nywila? Nywila yangu haijawahi kufika kwake ikapimwa. Ni sawa na mtu aliyekuelekeza njia isiyofika kwake, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba hukujua kubisha hodi. Na mkurugenzi alitikisa kichwa, akaniambia nipewe mafunzo. Mafunzo ya kuandika nywila, mimi!

Kamba Ndefu

Pole sana, dada. Na hiyo poti 25 ni kosa la pili juu ya la kwanza. Poti hiyo ni ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe, na watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja wa majumbani ili kuzuia barua taka. Mtu anayetuma kutoka kwenye programu yake hupewa 587 au 465, na kupokea kutoka nje kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikibaki kwenye seva) ni 993, ambayo imesimbwa ili wengine wasiisome. Angekupa hata anwani sahihi ya nje, bado usingetuma kitu.

Kitasa

Mleta mada, na wewe una lako. Ujumbe ulisema seva haikufikiwa, nawe ulikaa siku nne ukipiga simu badala ya kuupiga picha na kumwekea mkurugenzi mezani. Umeshindwa kikao ambacho ushahidi wake ulikuwa mfukoni mwako.

Mama Hesabu

Kitasa, picha nilikuwa nayo na niliinyanyua simu juu. Hakuitazama. Alirudia neno "nywila" mara tatu, na kila aliporudia, mkurugenzi alinitazama mimi.

Baba Wawili

Wewe umetukanwa tu, mama. Mimi nimepotezewa barua. Mtaalamu wa kwetu aliniwekea POP3 (njia ya kuvuta barua hadi kwenye kifaa) kwenye simu pasipo kuniuliza, na kwa jinsi alivyoipanga, simu ilizivuta barua zote na kuzifuta kwenye seva. Simu ikatumbukia majini. Mikataba ya miaka miwili imekwenda nayo, na yeye akaniuliza kwa nini sikuitunza simu yangu vizuri.

Kitasa

Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva. Kinasomeka.

Baba Wawili

Kinasomeka na nani, iwapo simu alikuwa nayo yeye siku nzima na akanirudishia ikiwa tayari? Ningepewa IMAP, barua zingebaki kwenye seva na simu ingekuwa dirisha tu.

Mwanga wa Asubuhi

Kwetu njia ya nje inafanya kazi, lakini cheti cha seva, kinachothibitisha kwamba ni yenyewe, ni kile kinachodumu siku 90 tu, na aliyekiweka hakupanga kijihuishe chenyewe. Kila baada ya miezi mitatu tunapata onyo jekundu, naye ametufundisha wafanyakazi wote kubofya "Endelea". Amewazoesha watu sitini kupuuza lile onyo ambalo siku moja litakuwa la kweli, na siku mtu mwingine atakapojiweka kati yetu na seva akazisoma nywila zetu, hakuna atakayeshtuka.

Fundi Mnyonge

Naomba niseme kwa niaba ya mafundi, kwa sababu huu uzi unatuchoma. Yule wa mleta mada amekosa, na kumdhalilisha mwenzake hadharani ni kosa kubwa zaidi. Lakini mimi niliomba anwani ya kudumu ya intaneti na uongozi ukakataa kuilipia. Mtoa huduma alikuwa ametuweka nyuma ya anwani inayochangiwa na wateja wengi. Upande wa nje wa ruta yetu ulionyesha namba inayoanza na 100.64, ambayo ni ya anwani za kuchangia namna hiyo, na hapo hata ufungue poti zote kwenye ruta, hakuna kinachoingia kutoka nje. Nilieleza mara nne kwa maandishi. Kikaoni niliambiwa mimi ni mvivu.

Kamba Ndefu

Fundi, hapo nakuunga mkono. Mabosi wanataka barua zifike kila mahali huku wakikataa kulipia njia.

Mama Hesabu

Jamani, mimi nilikuwa nasema habari ya nywila. Watu kumi na mmoja walikuwepo.

Mwanga wa Asubuhi

Wekeni VPN, ile njia ya siri inayoiunganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa ofisi, muachane na kufungua poti moja moja.

Saa Sita

Tumeiweka, na ndiyo inayonitesa. VPN inaunganika vizuri, lakini mtandao wa ofisi ni 192.168.1 na wa nyumbani kwangu ni 192.168.1 vile vile, kwa hiyo ninapoiita seva, kompyuta inaona ni ya humu ndani na haipeleki chochote kwenye VPN. Mtaalamu wetu ameniagiza nibadilishe mtandao wa nyumbani kwangu. Wenzangu wanane wana tatizo hilo hilo, na sote tumeagizwa tubadilishe majumba yetu ili ofisi isiguswe.

Fundi Mnyonge

Ofisi ndiyo ya kuhamishwa. Aichagulie namba ndani ya kundi la anwani za ndani zinazoanza na 10, mbali na zile ambazo ruta za nyumbani huja nazo.

Saa Sita

Amesema printa zote zina anwani zilizoandikwa kwa mkono na hatazigusa. Nimemwomba orodha ya printa hizo ili nizibadilishe mimi mwenyewe Jumamosi, na mpaka sasa hajanijibu.