Re: Titi la usiku, miezi 16

> Habari za Lubumbashi wapendwa. Mwanangu ana miezi 16, anaamka mara nne au tano usiku na hakubali kulala bila titi. Mwezi ujao narudi kazini. Mama mkwe kapiga simu toka Mbeya, anasema nipake shubiri. Nyie mlifanyaje?

Dada wa Kampemba, pole.

Shubiri iache. Mimi nilimpakia wa kwanza. Alionja, akakunja uso, akalipangusa titi kwa kiganja, akaendelea kunyonya huku analia. Nikalia naye.

Umri wake unaruhusu. Aliye chini ya miezi 6 hakatwi titi la usiku, maana maziwa ndiyo chakula chake pekee, wako anakula. Na mchana endelea kumnyonyesha bila wasiwasi, WHO wanasema hadi miaka 2 na zaidi.

Angalia kwanza anakula nini jioni. Dada wetu wa kazi alikuwa akimpa bukari (ugali) na sombe (kisamvu) saa kumi na moja, basi hadi kesho. Tukaongeza uji wa karanga saa moja usiku.

Halafu nikatenganisha titi na usingizi. Alizoea kusinzia nalo mdomoni, kwa hiyo akishtuka saa saba analitafuta palepale alipoliacha. Nikahamishia kunyonyesha sebuleni, taa inawaka, kabla hajaoga. Kitandani anaingia akiwa bado macho, napapasa mgongo tu.

Usiku nikapunguza dakika. Kama ni 10, siku mbili mpe 8, mbili nyingine 6, halafu 4. Kumtoa, pitisha kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake. Ukimvuta hivihivi anakung'ata, alama ninayo.

Lakini kazi kubwa aliifanya baba. Mume wangu ni dereva, nikamsubiri arudi safari. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai hapa sisi wa Dar hatukuumbiwa. Nikahamia chumba cha pili nikafunga mlango. Umeme umekatika, nasikia mtoto analia, na soksi za mume wangu zinaburuza sakafuni, huku na huku, anaimba nyimbo za Simba maana nyingine hazijui. Usiku wa kwanza dakika 40, mikononi mwa baba yake, wala hakuachwa peke yake. Wa pili kama 20. Wa nne akanywa maji kwenye kikombe, akalala.

Matiti yatajaa. Kamua kidogo upate nafuu, usiyamalize, ukiyamaliza yanatengeneza mengine. Ukiona sehemu imekuwa ngumu na nyekundu na homa juu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Halafu, tuambiane kikubwa: kunyonyesha usiku huchelewesha hedhi, na ukiacha inaweza kurudi ghafla. Kama hutaki mwingine sasa, panga mapema. Huyu wangu wa pili hakupangwa.

Usianze akiwa na homa au anaota meno.
Mama wawili, Bel-Air

---

Na sisi ambao baba yuko barabarani wiki sita? Jirani zangu wa hapa mtoto anapelekwa kwa bibi yake Katuba siku tatu, anarudi kasahau mabele, yaani titi. Bibi wa kwangu yuko Tabora.
Wa Ruashi

---

Wa Ruashi, si lazima awe baba. Kwa wa pili nimemtumia mdogo wangu aliyekuja kuuza vitenge. Awe tu mtu anayemjua na asiyenuka maziwa. Siku tatu kwa bibi kwa mkupuo mimi nisingeweza, mtoto anakosa mama na titi siku moja. Lakini wao wamekuzwa hivyo na wazima, sitabishana nao.
Mama wawili, Bel-Air

---

Asanteni sana. Shubiri nimeirudisha kabatini, mama mkwe msimwambie. Baba yake yuko foleni mpakani Kasumbalesa tangu Jumanne. Soksi nimeshamnunulia.
Wa Kampemba